Mafuta Si Nyama

Mimi nilikuwa mkanda unga. Msiangalie mikono hii sasa imekuwa kama miguu ya kuku. Wakati ule mkono wangu mmoja ulikuwa unatosha watu wawili, na nikilipiga donge la unga juu ya meza, watu wa Kansanga walikuwa wanakimbilia uvunguni, wanadhani jeshi limepindua tena. Kiwanda chetu kilikuwa cha biskuti, kule chini ya Bugolobi, upande wa viwanda. Siku ya kuoka, harufu ilikuwa inafika mpaka ziwani, samaki wanatoa vichwa nje kunusa. Hapo naongeza kidogo. Vichwa walitoa, lakini si samaki wote.

Kusoma sijui. Babu zangu walikuja huku na misafara ya pwani, wakaleta nguo, chumvi na Kurani, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu kila mtu ni mwalimu wa dini au mwenye duka, isipokuwa mimi. Shule nilienda siku mbili. Siku ya kwanza mwalimu hakuja, siku ya pili sikuja mimi. Kwa hiyo hiki ninachosema anakiandika mtu mwingine, na mkiona uongo umezidi, jueni ni wangu, yeye hana kosa.

Basi, Wahindi walipofukuzwa, tajiri wetu aliondoka na sanduku moja, na kiwanda akapewa afande mmoja. Watu wa namna hiyo mjini walikuwa wanaitwa mafutamingi, kwa sababu jana alikuwa anatembea kwa miguu na leo shingo imejaa mpaka kola haifungi. Huyu wetu alikuja asubuhi ya kwanza na askari wake wawili, akasema tanuri ni kitu rahisi, hata mke wake mdogo ana jiko. Akawasha yeye mwenyewe. Hakufungua mlango wa moshi kwanza. Mvuke wa dizeli ulikuwa umeshajaa mle ndani. Ilipiga, mama yangu! Afande alitoka bila nyusi, bila kope, na kofia yake tuliikuta juu ya mti wa mzambarau wa jirani baada ya siku mbili. Sisi tulisimama pale na nyuso za msiba. Kucheka kulikuwa kunaua. Nilicheka nilipofika nyumbani, nikacheka mpaka nikaharisha.

Mchana uleule askari walikwenda wakamtoa fundi wa tanuri kwenye mstari wa wanaopanda ndege. Alikuwa Muhindi mzee, mwembamba, amezaliwa hapahapa Kampala, Kiswahili na Kiganda anajua kutushinda sisi. Mke na binti yake walikuwa wameshaondoka siku iliyotangulia. Wakamrudisha kiwandani na masanduku yake, afande akamwambia, uso umepakwa mafuta ya kuungua:

"Wewe hapana enda. Wewe fundisha mtu moja hii tanuri. Akijua, napatia wewe barua, unaenda kwa bibi yako."

Akatazama huku na huku, akaona mikono yangu.

"Hii hapa. Hii ng'ombe."

Ng'ombe ndiye mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi wa yule mzee. Siku nitakayosema "nimejua", yeye anakwenda zake.

Muzei, ndivyo tulivyomwita, alikuwa hali nyama. Hilo si ajabu, Wahindi wengi walikuwa hawali. Lakini huyu alizidi. Samaki hali, yai hali, na kila kitu kinachoingia mdomoni anakiuliza ukoo wake kama anataka kukioza binti. Alikuwa na kioo kidogo cha kukuza maandishi, anakitoa mfukoni, anasoma ubavu wa kopo kuanzia juu mpaka chini, halafu anageuza anasoma upande wa pili, labda wameongeza mnyama kwa nyuma.

Siku moja nilimpa peremende, ile laini ya kutafuna, ya rangi nyekundu. Akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Unajua hii imechemshwa na nini?"

"Sukari, Muzei."

"Kwato. Kwato na ngozi na mifupa. Wanachemsha mpaka inakuwa gundi, halafu wanatia sukari mtoto asisikie."

"Na hii rangi?"

"Nyingine ni wadudu. Wanakaushwa, wanasagwa."

"Muzei, sisi nsenene, panzi wale, tunakula na miguu yao. Nani ana muda wa kusaga?"

Yeye hakucheka. Akaendelea kunihesabia: jibini ya Wazungu imegandishwa na tumbo la ndama. Sabuni ni mafuta ya ng'ombe. Nikamuuliza, basi wewe unaoga na nini? Akasema unga wa dengu. Wallahi! Mji mzima hauna chakula, sukari inapangiwa foleni, na kuna mtu anaoga na mboga! Nilitangaza habari hiyo kiwanda kizima, na kuanzia siku hiyo akipita watu walikuwa wanasema, "Mchuzi huo unapita, leteni chapati."

Nikadhani nimemshika siku moja. Nikamwambia, "Lakini maziwa unakunywa. Na samli unakula. Vimetoka kwa mti?"

"Maziwa ng'ombe anatoa leo, kesho anatoa tena, na anakutazama," akasema. "Mafuta ya mwilini anatoa mara moja tu."

Halafu akaniambia neno ambalo wakati ule nililisikia kama kelele za mashine. Akasema: "Nyumba wamechukua. Gari, kitanda, mpaka viatu vya binti yangu wamechukua. Vyote vya nje vimekwenda. Kilichobaki changu ni hiki kilicho nyuma ya meno. Nataka nikifika kwa mke wangu nimfikishie mdomo uleule."

Tanuri alinifundisha vizuri. Unafungua mlango wa moshi, unasubiri, ndipo unawasha. Unatupa unga kidogo juu ya sakafu ya tanuri, unahesabu. Ukigeuka rangi ya simba kabla ya kumi, moto ni mkali. Ukibaki mweupe mpaka ishirini, kalale. Baada ya miezi mitatu nilikuwa najua kila kikohozi cha tanuri lile kama mke anavyojua cha mume wake.

"Umeshajua?" Muzei aliniuliza.

"Bado, Muzei."

Mwezi wa nne, bado. Mwezi wa tano, bado kidogo. Ningeweza kuwaambia nilimpenda, sikutaka aende, na hiyo ni sababu nzuri, naipenda. Sababu yenyewe ilikuwa woga. Biskuti zikiungua, anayeulizwa ni fundi, na wakati ule kuulizwa kulikuwa kunafanyika ndani ya buti la gari. Tulikuwa na mwenzetu wa stoo aliyeuliza kwa nini gunia za sukari zinatoka na hazirudi. Alikwenda na gari jeusi saa nne asubuhi. Kilichorudi ni kiatu kimoja, cha kushoto. Kwa hiyo mimi nilikuwa mjinga wa tanuri, na ujinga wangu ulikuwa na afya nzuri.

Sasa sikilizeni desturi ya kiwanda. Tajiri wa kwanza alikuwa wa dini moja na Muzei, na aliweka sheria: biskuti ya kwanza ya kila siku, fundi wa tanuri anaila mbele ya wafanyakazi wote, na mpaka aimeze. Asipomeza, hakuna pakiti inayofungwa. Ilikuwa ndiyo muhuri wao. Wahindi wenzake mjini wakisikia fundi fulani amekula, wanajua mle ndani hakuna mnyama, hawasumbuki kusoma. Afande alirithi desturi ile pamoja na mashine. Maana yake hakuijua, lakini aliipenda, kwa sababu aliamini Muhindi anaonja sumu. Kila asubuhi anakuja, anakaa kwenye kiti chake, anasema, "Onja," Muzei anakula, afande anatazama kama mtu ataanguka, halafu anachukua zake sita na chai.

Halafu mafuta ya pamba yakaisha. Si kiwandani tu, nchi nzima. Watu walikuwa wanakaanga mayai kwa maji na kumbukumbu. Afande akapotea siku nne, akarudi na lori la magendo kutoka upande wa Kenya, limejaa mapipa. Mafuta meupe, mazito, unaweza kuyakata kwa kisu. Mapipa yalikuwa na maandishi makubwa ubavuni.

Muzei akatoa kioo chake. Akasoma pipa la kwanza. Akaingiza kidole, akanusa, akakifuta kidole kwenye ukuta, si kwenye nguo. Halafu akafanya kitu ambacho nilikiona na sikukijali: alizungusha mapipa yote, moja moja, yule mzee mwenye mikono kama njiti, mpaka maandishi yote yakatazama ukutani.

"Haya ni mafuta ya mnyama, Afande," akasema. "Tanuri nitawasha. Kuonja siwezi."

Afande akakivunja kipande cha biskuti ya kwanza, akakitazama juani. "Mnyama iko wapi? Mimi naona biskuti. Pembe iko wapi? Mkia iko wapi?"

Tulicheka. Hapo kucheka kulikuwa kumeruhusiwa, kwa hiyo tulicheka kwa deni la miezi yote.

Kulikuwa na mama mmoja wa kufunga pakiti, Muganda, mtu wa ukoo wa Nsenene, mdomo wake mkali kama wembe mpya. Yeye hakucheka. Akasema, "Bambi, mwacheni. Ni muziro wake huo, mwiko wake. Mimi ni wa Nsenene, sijawahi kula nsenene tangu nizaliwe, mji mzima ukila. Kuna mtu amewahi kunilazimisha?"

"Muziro gani ya wanyama wote?" afande akasema. "Ukoo yake ni ya safina?" Halafu uso ukabadilika. "Fundi hapana onja, maana yake fundi najua kitu iko ndani. Hii nahujumu uchumi." Askari mmoja akasogea na bunduki. Afande akanigeukia. "Wewe, ng'ombe. Lisha mwalimu yako."

Nawaambia nilivyofanya, sitapunguza, ingawa kuongeza ndiyo kazi yangu. Nilichukua biskuti. Muzei alikuwa amefunga midomo mpaka imekuwa mstari. Niliona askari ananitazama mimi, si yeye. Nikataka mchezo uishe upesi, na mimi dawa yangu ya woga ni moja tu, mzaha. Nikapandisha sauti kama mama anayelisha mtoto:

"Muzei, mafuta si nyama! Funga macho, meza!"

Kiwanda kikapasuka. Afande alicheka mpaka akashika meza. Nikamminya Muzei mashavu kwa mkono huu, ule wa kutosha watu wawili, mdomo ukafunguka, nikaingiza, nikamshika kidevu mpaka koo likapanda na kushuka. Machozi yalimtoka bila sauti. Akatoka nyuma kwenye bomba, akatapika, akasugua ulimi kwa majivu, akarudi, akaendelea na tanuri.

Mngedhani iliishia hapo. Ilikuwa kila asubuhi, miezi miwili! Afande alileta wageni kuja kutazama. Na mimi, kwa sababu watu walicheka, niliongeza ufundi. Siku moja biskuti inakuja kama ndege inatua Entebbe. Siku nyingine nampiga mgongoni acheue kama mtoto. "Mafuta si nyama!" ikawa salamu ya kiwanda, watu wanaingia zamu wanasemezana hivyo. Muzei alipungua mpaka suruali akaifunga kwa kamba ya gunia. Kila jioni, kabla sijaondoka, aliniuliza, "Umeshajua?" Na mimi, na mdomo wangu umejaa biskuti, nasema, "Bado."

Maana biskuti zile, jamani, zilikuwa tamu. Tamu kuliko za zamani. Zilikuwa zinayeyuka mdomoni kabla hujafikiri. Vunjikavunjika wafanyakazi tuliruhusiwa kubeba, nikawa nampelekea mama yangu kila siku kwenye karatasi. Mama alikuwa na meno matatu, na akasema Mungu amewakumbuka wazee, hizi hazihitaji meno.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Afande alikuwa Muislamu, na kufunga alikuwa anafunga kwelikweli, asubuhi chai hanywi, anakaa tu anatazama Muzei analishwa. Akatangaza kwamba kiwanda kitatoa sadaka: pakiti elfu, za futari, ziende misikitini na kwa familia za askari kambini. Tukaoka kama wendawazimu.

Siku ya tatu ya mfungo nimemaliza kumlisha Muzei, nimefanya mzaha wangu, wageni wamecheka wamekwenda. Yeye ametoka bombani, midomo ina majivu. Akaja karibu na meza yangu.

"Unafunga?"

"Nafunga, Muzei. Si unaona midomo imekauka kama yako?"

"Jioni unafungua na nini?"

"Chai na vunjikavunjika. Mama hataki kitu kingine."

Akanitazama. Akaangalia mlango, akaangalia mama wa pakiti aliyekuwa mbali. Halafu akasema polepole, "Leo mpelekee mama yako muhogo."

"Kwa nini?"

"Nilisoma pipa siku ya kwanza. Si ng'ombe."

Kicheko changu kilikuwa kimeshaanza kutoka, kikakwama njiani. "Ni mbuzi?"

"Mnyama wewe huli."

Unga ulikuwa mikononi mwangu mpaka viwiko, umeng'aa kwa mafuta yale, na nilikuwa nautazama. Miezi miwili nimekanda nguruwe, wallahi, nimekula nguruwe, nimemlisha mama yangu nguruwe na chai, nimesema Bismillahi juu yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia mafuta si nyama."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayerudisha chombo alichoazimwa. Nikataka kumpiga. Nikataka kuangua kilio. Akaongeza, "Na ningesema, afande angemuua aliyesoma, halafu angemuua aliyesikia. Kwa hiyo niliyageuza mapipa."

Nilikwenda nyumbani na muhogo. Mama akanuna. Nilitapika mpaka nikaona chakula cha harusi ya dada yangu ya miaka sita nyuma. Nilisugua ulimi kwa majivu, na nikiwa nasugua nikajikuta nimeinama vilevile kama yeye alivyokuwa anainama bombani, mkono kiunoni. Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa dini. Nikamuuliza kwa kuzunguka, mtu akila haramu bila kujua? Akasema hana dhambi. Na aliyelazimishwa? Hana dhambi naye. Na aliyelazimisha? Mjomba akaniuliza kama nina homa.

Asubuhi, kiti cha afande, askari, wageni wawili wa kambini. "Lisha."

Nilichukua biskuti. Muzei alikuwa ameshafungua mdomo mwenyewe. Amezoea. Hilo ndilo lililonivunja mkono, si kingine. Angepigana ningemlisha. Alikuwa amefungua mdomo kama ndege wa kwenye kiota, macho yakiwa kwenye paa.

"Afande," nikasema, "tanuri nimeshajua. Huyu hana kazi tena."

Muzei akafunga mdomo.

"Tangu lini?"

"Jana, Afande. Jana limeniingia lote."

Afande akasimama. "Zima. Washa wewe. Ikiungua, unaingia wewe ndani yake."

Nikazima. Likapoa. Nikafungua mlango wa moshi, nikasubiri, nikawasha. Nikatupa unga, nikahesabu. Sikumtazama Muzei hata mara moja, na yeye hakuonyesha kidole. Trei zilitoka rangi ya dhahabu, zote sawasawa, hakuna hata moja iliyokauka pembeni. Mtu aliyejua jana haoki vile. Kila mtu pale mwenye akili alijua kwamba nilijua zamani sana.

Afande akapiga makofi. "Mzuri! Sasa fundi ni wewe. Onja."

"Afande, nimefunga."

"Utalipa siku moja baada ya Idi. Fundi naonja."

"Nionje niteme, Afande."

"Muhindi alikuwa nameza." Akawageukia wageni wake, akafurahi kama amepata wazo kutoka mbinguni. "Tena ni vizuri! Fundi Muislamu, ameonja, amemeza. Sadaka yetu iko safi. Waambieni watu msikitini."

Biskuti ikawa mkononi mwangu. Mtu mzima, mchana wa Ramadhani, na nimeshajua kilichomo. Nikikataa, ataniuliza kwa nini, na nikisema kwa nini, tunakufa wawili, labda na mama wa pakiti kwa sababu amesimama karibu. Nilitazama ile biskuti, na mara ya kwanza tangu tumboni mwa mama yangu sikuwa na mzaha.

Basi yule mama wa pakiti, aliyekuwa hajawahi kucheka hata siku moja, akaita kutoka mezani kwake, sauti imenyooka kabisa:

"Ssebo, mafuta si nyama. Funga macho, meza."

Walivyocheka! Mabati yalitikisika. Nilifunga macho, nikameza. Na Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Nilipofungua macho, kiwanda kizima kilikuwa kinanitazama isipokuwa mtu mmoja. Muzei alikuwa amegeuza uso wake ukutani, kule yalikokuwa maandishi ya mapipa. Hakutaka kuona mdomo wa mtu ukifanyiwa hivyo.

Barua yake ilitoka baada ya siku nne, kwa sababu afande alikuwa mtu wa neno lake, hilo nampa. Kabla gari halijaja, nilimvuta Muzei stoo. Nikalizungusha pipa moja likatutazama. Nikamwambia, "Nionyeshe."

Lilikuwa neno la Kizungu la herufi nne, jina la mafuta ya nguruwe. Akanishika kidole, akakipitisha juu ya kila moja, mara tatu. Ya kwanza ni mguu umesimama na kanyagio. Ya pili ni ngazi ya fundi wa rangi. Ya tatu ni mtu ametoa kifua anapiga teke. Ya nne, nilimwambia Muzei, ya nne ni tumbo la afande ukimtazama kwa ubavu. Na hapo ndipo nilipomwona akicheka, mara moja, pumzi tu ya puani. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu alfajiri, mazuri sana. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Miezi mitatu ingetosha." Akapanda gari.

Sadaka ilitoka. Pakiti elfu, na kila msikiti uliambiwa fundi ni mtoto wa Kiislamu, wa ukoo wa walimu, ameonja mbele ya watu. Mdomo wangu ndio uliokuwa muhuri. Mimi niliendelea kuonja kila asubuhi mpaka mapipa yalipoisha, na afande, baada ya mfungo, aliendelea na sita zake na chai, anafuta sharubu, ananisifu. Nilimtazama akila, na ningependa kuwaambia nilifurahi. Nilifurahi kidogo.

Mama yangu alipata pakiti yake msikitini kama watu wengine. Nilirudi jioni moja nikakuta majirani wamekaa ukumbini, adhana bado kidogo, na yeye ameipanga sahanini, anajisifu, "Mwanangu ndiye aliyeoka. Baada ya siku zote za kuniletea muhogo!" Biskuti kumi na mbili, nilizihesabu. Kuzimwaga haiwezekani, unamwaga sadaka mbele ya watu katika mwezi kama ule, wataniuliza. Na mmoja wa wale majirani mtoto wake alikuwa askari wa afande.

Adhana ikaanza. Mama akanyoosha mkono.

Nikaivuta sahani. Nikala ya kwanza, ya pili, bila chai, bila kukaa chini, nikazishindilia mbilimbili, unga unanitoka puani, majirani wamefungua midomo, mama ananipiga na mkeka, "We mtoto! We mtoto, una nini?" Nilizimaliza zote kumi na mbili. Nikalamba sahani, kwa sababu kulikuwa na chengachenga.

Siku hizi nikiingia dukani nazungusha makopo, natafuta mguu, ngazi, mtu wa teke na tumbo la afande. Wajukuu wanasema mafuta yana majina mengine mengi, si hilo tu, na kwamba bora niwape wao wasome. Nawapa.

Mama aliishi miaka tisa mingine. Kila mgeni aliyeingia nyumbani alihadithiwa jinsi mtoto wake alivyo mlafi, mpaka alimpokonya mama yake sadaka ya futari mdomoni. Alikuwa anaisimulia vizuri kuliko mimi, na anaongeza: mwishoni zilikuwa zimefika pakiti tatu na sahani nimeitafuna. Watu walicheka sana. Nami nilikuwa nakaa palepale, nacheka nao.